Hodi ya Tatu

Asubuhi hiyo haikuwa na kasoro yoyote. Jua lilitoka mahali pake, maji yalitoka bombani, na mshonaji aliamka na furaha ambayo hakuwahi kuamka nayo tangu aolewe miaka saba iliyopita. Jiko lake lilikuwa linamalizika. Kwa miezi miwili alikula vumbi, akapikia barazani, akaosha vyombo kwenye beseni kama mtu aliyehamia jana. Leo yalibaki mambo madogo madogo tu: vishikio vya makabati, silikoni ya kuziba mwanya kuzunguka sinki, komeo la mlango, na rangi ya kugusia palipochubuka. Saa tisa alasiri mumewe, dereva wa lori la mafuta, angerudi kutoka safari, na wifi yake angekuja kuliona jiko. Wifi hakualikwa. Wifi alijialika.

Fundi aliitwa Milimita. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika, maana huyu bwana alipima kila kitu mara mbili, kisha akakirudia kwa jicho. Watu walimtania kwamba hata akimiminiwa chai huinama kuangalia kama imelala sawa kikombeni. Ila kazi yake ilikuwa safi, na mwenyewe alilijua hilo. Akishabandika vigae vikakauka, alivipitia kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi, tok, tok, ameinamisha sikio.

"Hodi," alikuwa akikiambia kigae. "Hodi humo ndani."

Kigae kilichoshika vizuri kilitoa sauti nzito, fupi, iliyokufa papo hapo. Kilichoacha uwazi nyuma yake kililia kama debe tupu, na hicho Milimita alikibandua bila huruma. Siku za mwanzo mshonaji alikuwa akimjibu kutoka chumba cha mbele, mguu ukiwa kwenye cherehani: "Karibu, pita mwenyewe!" Wanacheka, kazi inaendelea. Ukawa ndio mchezo wao.

Lakini kwa siku arobaini sasa Milimita alikuwa anagonga vigae kimya kimya. Neno hodi halikutoka tena mdomoni mwake.

Tuseme ukweli, maana hata mshonaji mwenyewe alikuja kuusema. Jiko lile halikuwahi kuwa la mshonaji. Lilikuwa la mama mkwe. Bibi huyo aliishi uani, kwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba, na kati ya uani na jiko la mwanawe palikuwa na mlango mmoja wa mbao. Kwa mlango huo aliingia saa yoyote aliyojisikia. Hakubisha. Hakuita. Utasikia fimbo yake sakafuni, ko, ko, kisha mfuniko wa sufuria unafunuliwa, kidole kinachovywa, ulimi unapigwa, na chumvi inaongezwa. Kila siku chumvi, hata chakula kiwe kimekolea namna gani. Akimaliza, mwiko anaulaza juu ya mdomo wa sufuria, kutoka ukingo hadi ukingo, ili kila mtu ajue mwenye jiko amepita. Kisha fimbo inarudi uani.

"Mke wa mwanangu," alikuwa akisema akitoka, "mkono wako umepooza kama wa mgonjwa."

Kidole alichochovya kilikuwa cha shahada, cha mkono wa kulia, na hakikuwa na ncha. Mlango uleule ulikikata zamani, upepo ulipoupiga na mkono wake ukiwa kwenye fremu. Ndiyo maana hakutaka mtu auguse. "Huu nimeulipia kwa kidole," alisema. "Mtauziba nikishakufa."

Mkwe na mkwewe damu zao hazikupatana hata siku moja. Mshonaji alimeza, akatabasamu, akaenda kulia kwenye vitambaa vyake. Alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja, wala hakikuwa kikubwa: awe na jiko ambalo mtu akitaka kuingia, abishe.

Mumewe alipokubali lijengwe upya, aliuliza swali moja tu kwenye simu, injini ya lori ikinguruma nyuma yake.

"Na mlango wa Mama?"

"Fundi anasema pale panatakiwa ukuta, makabati yapate pa kukaa."

"Mama kasemaje?"

"Amekubali kwa moyo mmoja."

Mama hakukubali. Mama hakuulizwa. Alikuwa amelala chumbani kwake kwa siku ya nne, miguu imevimba, na mshonaji akaona hiyo ndiyo nafasi. Asubuhi Milimita aling'oa mlango, akapanga matofali. Kifusi chote cha jiko la zamani kikamwagwa kwenye ujia wa pembeni, kikajaa hadi kiunoni mwa mtu mzima. Maji ya uani yakafungwa kwa ajili ya mabomba mapya. Ni shida ya siku moja tu, walisema.

Mchana wa siku hiyo, saruji ikiwa bado mbichi, walisikia fimbo. Ilikuja mpaka kwenye ukuta, ikasimama. Kisha ikagonga.

"Hodi," alisema mama mkwe, kwa mara ya kwanza katika miaka saba.

Milimita aliacha mwiko wake wa saruji hewani, akamtazama mwenye nyumba. Mshonaji akaweka kidole mdomoni.

"Hodi jamani. Maji tu, ya kumezea dawa."

Kidole hakikutoka mdomoni. Na tusimpambe: wakati ule hakuwa na hofu, alikuwa na raha. Raha chungu, iliyolala ndani yake miaka saba. Kila aliyelelewa anajua kwamba hodi ni tatu. Ukiita ya tatu usijibiwe, unageuza unakwenda zako. Mshonaji alikuwa anaingoja ya tatu aisikie kwa masikio yake, halafu pengine angejibu. Baadaye aliapa kwamba angejibu. Lakini ya tatu haikuja. Fimbo ilirudi pole pole, ikikwaruza chini.

Kesho yake, mshonaji aliporuka kifusi na uji mkononi, alimkuta mkwewe amekaa kitini, uso umeelekea ule ukuta. Vidonge vilikuwa kiganjani. Kikombe chake cha bati, chenye maua ya buluu, kilikuwa mapajani, kikavu. Daktari alisema ni moyo. Kifusi kiliondolewa kabla waombolezaji hawajafika, na wifi alipouliza ilikuwaje watu wawili wazima wasisikie chochote, mshonaji alimtazama machoni akamjibu: "Tulikuwa tumewasha mashine ya kukata vigae."

Hilo ndilo jiko lililokuwa linamalizika leo.

Milimita alifika saa mbili na macho mekundu. Alifunga vishikio vya makabati, vyote mstari mmoja, bila hata kutania. Alipofika kwenye kabati la chini ya ule ukuta, alichuchumaa akakaa hivyo muda mrefu.

"Mama," alimnong'oneza mshonaji. "Siku ile…"

"Siku ipi?"

"Alipiga mbili."

"Fundi, kaza vishikio."

"Nasema tu. Mtu akipiga mbili akanyamaza, si ndio kusema bado yupo mlangoni?"

"Mlango uko wapi hapo?" Mshonaji alishtushwa na ukali wa sauti yake mwenyewe. "Wewe ndiye uliyepanga matofali. Pale ni ukuta. Kama unataka kuhubiri, kahubiri kwingine, hapa nina wageni saa tisa!"

Milimita alichukua komeo, la shaba, zito, ambalo mshonaji alilichagua mwenyewe, akaenda kulifunga kwenye mlango wa kutokea ukumbini. Alilipima, akaligeuza, akauliza kama kweli linakaa kwa ndani. Hajawahi kuona jiko linalofungwa kwa ndani.

"Kwa ndani," mshonaji alisema. "Nikipika sitaki mtu."

Alimfikiria wifi aliposema hivyo, na moyo wake ukapoa. Komeo lilipita kwenye tundu lake kwa mlio mmoja laini. Alilijaribu mara tatu, nne, kwa raha ya mtoto aliyepewa filimbi.

Silikoni ndiyo iliyoleta shida. Ilikuwa imegandia mdomoni mwa chupa, haitoki. Milimita akasema anakimbia dukani mara moja, akachukua kofia ya pikipiki, akatoka. Mshonaji akabaki peke yake. Akapanda kigoda kutundika pazia alilolishona mwenyewe kwa ajili ya kidirisha cha jikoni, la mistari ya kijani, mgongo akiupa ule ukuta. Mikono ilikuwa juu. Jua lilikuwa limejaa ndani mpaka vigae vinang'aa.

Tok, tok.

Fundi hajaondoka, alijiambia. Amekumbuka vigae vyake.

Tok, tok. Kigae cha pili. Kisha cha tatu. Kugonga kulipanda taratibu, kikaachwa kimoja, kikagongwa kingine, kama alivyozoea. Mshonaji aliendelea kupitisha pazia kwenye fimbo yake.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya chini, imekauka. Vumbi la saruji hukausha koo, nani asiyejua. Mshonaji akatabasamu peke yake pale juu ya kigoda. Afadhali. Mchezo umerudi, kinyongo kimekwisha, fundi ameacha mambo yake ya wafu. Na mdomo wake, uliozoea, ukajibu wenyewe bila yeye kugeuka.

"Karibu, pita mwenyewe!"

Kugonga kukakoma.

Kitu kilipita nyuma yake. Hakukiona. Alisikia harufu, ile ya dawa ya kuchua miguu. Halafu kwenye vigae vipya vya sakafuni, ko. Ko.

Na nje, getini, pikipiki ya Milimita ikawasili.

Milimita aliingia kwa mlango wa ukumbini, kofia bado kichwani, chupa ya silikoni ndani ya mfuko. Alimkuta mwenye nyumba ameshika fimbo ya pazia kwa mikono miwili.

"Mama? Kuna nini?"

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani. Si nimekuaga?"

"Hukugonga vigae hapa sasa hivi?"

Milimita aliuangalia ukuta. Alitoa bisibisi mfukoni, polepole. Vigae vile alivipitia jana vyote, na vyote vilikuwa vimeshika. Akagonga cha kwanza. Kililia. Cha pili kikalia. Akachukua penseli, akaanza kutia alama kila kilicholia, akipanda kutoka juu ya kaunta hadi karibu na dari. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili. Alama zile zilikuwa zimekwenda juu kwa mistari miwili iliyonyooka, zikakutana kwa mstari wa juu.

Akapima. Mtu wa kupima hupima hata akiwa anakufa.

"Sentimita themanini na moja na milimita nne," alinong'ona. "Upana wa ule mlango."

"Maliza silikoni uende."

"Mama, ulijibu?"

"Maliza silikoni!"

Akaipaka. Aliivuta kuzunguka sinki kwa mkono wa haraka, akachovya kidole kwenye maji ya sabuni, akailainisha mpaka ikawa nyeupe na nyororo, mstari usio na doa. Aligeuka kuchukua kitambaa. Mshonaji naye akageuka kumpisha. Ulikuwa muda wa kupumua mara moja, si zaidi.

Walipogeuka tena, silikoni ilikuwa imebonyezwa. Kidole kimoja kilipita juu yake kwa urefu wa shibiri, kikatulia, kikaacha alama mwishoni. Alama ilikuwa butu. Haikuwa na ncha.

Milimita aliinua mikono yake miwili mbele ya uso, akavitazama vidole vyote kumi, kimoja kimoja. Vilikuwa vizima. Aliweka bisibisi chini. Hakuaga. Alipita ukumbini, akafungua geti, akaenda zake kwa miguu, na pikipiki yake ikabaki pale pale getini na ufunguo wake.

Mwingine angetoka naye. Mshonaji hakutoka. Alikuwa ameumia sana kwa ajili ya jiko hili, amesema uongo kwa ajili yake, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga. Aliisugua ile alama kwa kidole chake mwenyewe mpaka ikapotea.

"Umekufa," aliuambia ukuta, meno yameumana. "Umekufa, na hili ni jiko langu."

Akabandika nyama na viazi. Alichagua sufuria mpya, akawasha jiko jipya, akakata vitunguu kwenye kaunta mpya. Chumvi hakutia. Alifanya makusudi. Pakiti ya chumvi aliinunua jana, na ilikuwa kwenye kabati la juu, haijafunguliwa. Alionja mchuzi: laini, hauna chumvi. Akafunika. Akaenda chumba cha mbele kuchukua kitambaa cha meza, akarudi.

Mwiko ulikuwa umelazwa juu ya mdomo wa sufuria, kutoka ukingo hadi ukingo. Mfuniko ulikuwa pembeni, umegeuzwa chali.

Alionja. Chumvi ikamkaba koo.

Alifungua kabati la juu. Pakiti ilikuwa vile vile, imefungwa, imenyooka. Akaishika mkononi akaipima uzito, mpumbavu wa mtu, kana kwamba uzito ungemwambia kitu. Ndipo akasikia honi getini. Lori la mumewe. Akatoka haraka kwenda ukumbini, akijifuta uso kwa upindo wa khanga, akijipangia tabasamu.

Nyuma yake mlango wa jiko ukafungwa. Taratibu, bila kishindo. Kisha komeo la shaba likapita kwenye tundu lake kwa ule mlio mmoja laini.

Wifi ndiye aliyetangulia kuingia, mkoba kwapani, macho yanatembea ukutani. Dereva alimfuata, amechoka, vumbi la safari kwenye nyusi.

"Haya wifi, tuonyeshe hilo jiko," wifi alisema. "Mbona umelifunga? Umemficha nani?"

"Sijalifunga."

"Lina komeo kwa ndani?" Dereva alisukuma mlango kwa bega. "Fundi yumo?"

"Fundi ameondoka."

"Pikipiki yake iko nje."

"Ameondoka, mume wangu."

Wote watatu walinyamaza, kwa sababu ndani kulikuwa na mtu. Mfuniko ulifunuliwa. Ulimi ulipigwa. Ko, ko, ikatoka kwenye sufuria ikaenda kwenye sinki. Bomba likafunguliwa.

Dereva alitoka nje akazunguka hadi kwenye kidirisha. Walimsikia akikanyaga changarawe, akisimama. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na hakumtazama mkewe, alimtazama dada yake.

"Hamna mtu," alisema. "Bomba liko wazi, na chini yake kuna kikombe. Cha bati. Cha maua ya buluu."

Wifi alifungua mkoba wake, akatoa ufunguo mdogo akaushika juu wote wauone.

"Kikombe cha Mama nimekifungia kabatini kwangu," alisema. "Tangu siku ya msiba. Ufunguo ni huu mmoja tu."

Kisha dereva akamwambia mkewe, kwa sauti ya chini sana:

"Mwite wewe. Si jiko lako?"

Mshonaji alisogea mlangoni. Akagonga.

"Hodi."

Ndani kila kitu kikakoma mara moja. Maji yakakatika. Fimbo ikasimama.

"Hodi jamani."

Kimya. Na kimya kile alikijua. Hakikuwa cha chumba kisicho na mtu. Kilikuwa cha mtu aliyesimama nyuma ya mlango, amezuia pumzi, amekusikia vizuri, na ameweka kidole mdomoni. Yeye mwenyewe alikifanya, siku arobaini nyuma, ndani ya jiko hilo hilo. Alifungua mdomo kwa hodi ya tatu. Ikafika ulimini, akaifunga. Akiita ya tatu asijibiwe, itambidi ageuze aende zake, na nyumba hii haitakuwa yake tena.

Mumewe alikuwa anamtazama.

"Mama alikubali?" aliuliza. "Ule mlango. Mama alikubali uzibwe?"

Kabla hajajibu, fimbo iligonga mara moja ndani. Ko.

"Hakuulizwa," mshonaji alisema.

Ko.

"Hatukuwa tumewasha mashine." Machozi yalimtoka, na aliongea haraka sasa, akiukazia macho mlango badala ya watu. "Alikuja ukutani. Alibisha. Aliomba maji ya kumezea dawa, maji tu, na mimi nilikuwa humo ndani. Nilimsikia. Nilimsikia vizuri, nikanyamaza."

Wifi alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Dereva aliweka mkono ukutani, akakaa hivyo, mtu mzima na mabega yake mapana, kama amesahau anakwenda wapi.

Komeo likafunguka.

Mlango ulijiachia kidogo. Dereva aliusukuma akaingia, dada yake akaingia nyuma yake. Jiko lilikuwa tupu, safi, limejaa jua. Mwiko ulikuwa umelala juu ya sufuria. Kikombe hakikuwepo, ila chini ya bomba palikuwa na duara la maji, saizi ya kitako cha kikombe. Mshonaji aliinua mguu avuke kizingiti awafuate. Mlango ukamfungia usoni. Komeo likapita.

Wifi alipofika kwake jioni hiyo alifungua kabati lake kwa ule ufunguo mmoja. Kikombe kilikuwemo, mahali alipokiweka. Kilikuwa kimejaa maji mpaka ukingoni, na hata tone halikuwa limemwagika.

Milimita hakurudi tena. Ndugu yake ndiye aliyekuja kuchukua pikipiki, na hakukubali kuingia ndani hata kwa soda. Fundi mwingine aliitwa akabandua vigae vile, akakuta gundi nyuma yake imejaa, imeshika, haina uwazi hata wa kupitisha sindano. Silikoni ameipaka upya mara tatu. Inalainishwa, inakauka, na ikishakauka alama ya kidole butu inakuwepo.

Mumewe hakumwacha. Hamwachi, na hamsemeshi. Yeye huingia jikoni akatoka, wifi huingia akatoka, hata wageni wakipita kunawa mikono mlango hautikisiki. Anayefungiwa ni mmoja tu. Chakula hupika barazani, na watu wanaokula kwake husema kwa adabu kwamba chumvi imezidi kidogo.

Na wateja wake wa kushona, wanaofika mchana na vitambaa vyao, wamezoea kumkosa kwenye cherehani. Humkuta ukumbini, amesimama mbele ya mlango wa jiko lake, kikombe kitupu mkononi. Hugonga, akaita hodi. Husubiri. Huita ya pili. Ya tatu hajaiita mpaka leo. Hubaki amesimama pale pale, na nyuma ya mlango maji husikika yakimiminwa, polepole, kikombe kikijazwa.